Kibarua, Kipande, Manamba: Jina la Mfanyakazi Katika Lugha na Fasihi Yetu

UTANGULIZI

Katika uhakiki wetu wa darasani tumejizoesha jambo moja. Tukipewa riwaya inayohusu wafanyakazi, hatukawii kuandika kwamba mwandishi "ameonyesha unyonyaji wa tabaka la chini". Tukishaandika hivyo tunapiga mstari, tunahamia kwenye fani, tunawataja wahusika bapa na wahusika duara, basi, kazi imekwisha. Sisemi kwamba tunaandika uongo. Unyonyaji umo kweli. Ninachosema ni kwamba neno hilo limekuwa kama kawa juu ya chungu: tunafunika, halafu hatujui ndani kunapikwa nini. Unyonyaji unafanyikaje? Kwa chombo gani? Nani anashika daftari, na ndani ya daftari hilo mtu ameandikwaje?

Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa njia ambayo pengine itaonekana ya mzunguko. Nitaanza na maneno ambayo sote tunayatumia kila siku bila kuyatazama: kibarua, kipande, manamba, kuli. Nitaonyesha kwamba maneno haya hayakutokana na kazi anayoifanya mtu, bali na kile kinachotumika kumhesabu au kumlipa. Kisha nitatazama jinsi riwaya zetu mbili zilivyoshughulika na suala hilo la jina. Mwisho nitakuja kwenye wakati wetu huu wa simu na akili mnemba, maana hoja yangu ni kwamba habari hii haijaisha. Kilichobadilika ni daftari tu, na namna lilivyobadilika inatuhusu sisi wanafunzi wa fasihi kuliko tunavyodhani.

MAJINA YA KAZI NA MAJINA YA HESABU

Kiswahili kina utaratibu mzuri sana wa kumtaja mtu kwa kile anachokifanya. Tunachukua kitenzi, tunatia kiambishi mbele, tunageuza mwisho wake, tunapata mtu. Anayevua ni mvuvi, anayefinyanga ni mfinyanzi, anayelima ni mkulima, anayesuka ni msusi, anayechonga ni mchongaji. Hata neno fundi, ambalo halina m- mbele, lina ukoo na kufunda. Kwa hiyo fundi na mwanafunzi ni ndugu wa tumbo moja. Majina haya yana heshima ndani yake. Ukimwita mtu mfinyanzi, umekwisha kutaja udongo, mikono yake na chungu kitakachotoka.

Sasa hebu tulitazame neno kibarua. Humo hamna kitenzi chochote. Mna barua, na mna ki- ya udogo. Kibarua ni barua ndogo, yaani kikaratasi. Kamusi za zamani, mojawapo ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinaeleza kwamba mfanyakazi wa kutwa aliitwa hivyo kwa sababu alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba siku yake ya kazi imehesabiwa. Mwisho wa juma alikwenda na vikaratasi vyake akalipwa. Basi watu wakalihamisha jina: kutoka kwenye karatasi likamwendea aliyeishika.

Tena kuna jambo la kusikitisha zaidi ndani ya historia ya neno hili. Katika karne ya 19, mijini Unguja na Mombasa, vibarua wengi walikuwa watumwa. Mabwana zao waliwaacha wakafanye kazi kwa watu wengine, halafu wawaletee sehemu ya ujira. Kwa hiyo kikaratasi kile kilikuwa na wasomaji wawili: mwenye kazi na mwenye mtu. Aliyekishika alikuwa wa tatu.

Neno halikukaa hapo. Kutoka kwenye karatasi lilihamia kwa mtu, kutoka kwa mtu likahamia kwenye kazi yenyewe, na siku hizi gazeti la michezo likitwambia kwamba timu fulani "ina kibarua kigumu" ugenini, maana yake ni mtihani. Mtu akiachishwa kazi tunasema kibarua chake kimeota nyasi. Angalia upatanisho wa kisarufi: tukisema "kibarua amefika" tunamtaja mtu, tukisema "kibarua kimeota nyasi" tunataja kazi. Neno ni lilelile, ila kiambishi cha kitenzi ndicho kinachotwambia kama kuna binadamu ndani yake au hamna. Sarufi hapo imefanya kazi ambayo pengine hata wahakiki hatujaifanya.

KIPANDE SHINGONI

Neno la pili ni kipande. Kwa wenzetu wa Kenya neno hili lina kovu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kuwa na hati yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, ujira wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Hati iliwekwa katika kikebe cha chuma, kikebe kikatiwa uzi, uzi ukavaliwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia mtu, mtu huyo akiondoka alihesabiwa kuwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai.

Kipande ni mojawapo ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku aanze kuwakusanya watu mwaka 1921. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi mjini Nairobi ukitaka aachiliwe, na tarehe 16 ya mwezi huo watu wakapigwa risasi. Yaani karatasi iliyoanza kama hesabu ya siku za kazi iliishia kwenye damu. Hata leo, mitaani Nairobi, utamsikia mtu akiita kitambulisho chake kipande. Wengi wanaolitamka hawana habari na kile kikebe.

Huku Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Mfanyakazi wa shamba alipewa ngwe yake ya siku. Akiimaliza, kadi inatiwa alama. Alama zikitimia 30, analipwa. Siku ambayo hakuimaliza ngwe haikuandikwa, na isiyoandikwa haikuwapo. Nalisisitiza hili kwa sababu ndiyo siri ya chombo chenyewe. Kipande hakikupima jasho. Kilipima jasho lililokamilika. Mtu akiumwa saa nane mchana na ngwe imebaki kidogo, jasho la asubuhi limekwenda bure.

MANAMBA NA KORONA

Kilele cha jambo hili kilikuwa katika mashamba ya mkonge. Mkonge ulihitaji watu wengi, na watu wa pwani na wa Tanga hawakutosha, wala wengi wao hawakuitaka kazi ile. Kwa hiyo watu waliandikishwa mbali: Kigoma, Songea, Iringa, na hata Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu iliyojulikana kama SILABU. Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago wameieleza habari ya wafanyakazi wahamiaji wa enzi ya ukoloni katika kitabu kilichotoka mwaka 1983, na ningewashauri wenzangu wa fasihi tusiwaachie wanahistoria peke yao kitabu hicho. Waandikishwa walipewa namba. Wakaitwa manamba.

Hapa naomba wapenzi wa isimu waniazime sikio. Kiswahili kina desturi ya kuyapa majina ya kazi yaliyokopwa kiambishi ma- katika wingi: karani, makarani, dereva, madereva, ofisa, maofisa. Namba ilipoingia, lugha ikaipokea kwa mlango huohuo: manamba. Maana yake ni kwamba lugha iliiona namba kuwa ni aina ya kazi, kama ukarani au udereva. Lakini kuna kioja. Karani mmoja ni karani, dereva mmoja ni dereva. Manamba mmoja ni manamba. Hata akiwa peke yake njiani, amebeba panga lake, bado tunamtaja kwa wingi. Hakupewa umoja.

Na mashine nayo? Mashine ilikuwa na jina lake. Mtambo wa kuchakata mkonge unaitwa korona, jina lililotokana na mitambo ya chapa hiyo iliyotoka Ujerumani. Kwa mtu aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge, neno korona halikuanza na ugonjwa wa mwaka 2019. Jani lilitiwa mdomoni mwa mtambo, likapondwa na kukwanguliwa huku maji yakimwagika, zikatoka singa zikaanikwe juani, zipigwe brashi na kufungwa marobota. Katika uzito wa jani zima, singa ni kama asilimia 4 tu. Zilizobaki ni takataka na maji.

Sasa ukiyaweka mambo haya pamoja, utaona kwamba shamba lilikuwa na mitambo miwili. Wa kwanza ni korona, unaotoa singa katika jani. Wa pili ni kipande, unaotoa siku 30 katika mtu. Wote wawili ulichukua ulichokitaka ukakiacha kingine. Tena mtambo wa kwanza ndio uliouendesha wa pili, kwa kuwa jani likishakatwa haliwezi kungoja. Likikauka halichakatiki vizuri. Ndiyo maana ngwe ya mkataji haikupangwa kwa nguvu za mkataji, ilipangwa kwa njaa ya korona.

Siku za neema hazikudumu. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka sana. Ziko sababu nyingi, lakini mojawapo ni teknolojia nyingine kabisa: kamba za plastiki. Manamba hawakuonana na mashine iliyowaondoa. Ilikuwa ng'ambo.

RIWAYA INAPORUDISHA JINA

Mpaka hapa msomaji anaweza kuuliza: sasa fasihi iko wapi? Iko hapa. Mwaka 1979 Shafi Adam Shafi alichapisha riwaya ya Kuli. Neno kuli nalo lilikuja kwetu kwa njia ya Bahari ya Hindi, na katika Kitamil kuli ni ujira. Kwa hiyo ni ndugu yake kibarua: mtu ameitwa kwa malipo yake. Ajabu ni kwamba Shafi hakulikwepa neno hilo la kudharauliana. Alilichukua akaliweka juu ya jalada, peke yake, tena kwa umoja. Hakuandika Makuli.

Nadhani umoja huo una uzito. Jalada linatwambia "kuli", lakini tukifungua ndani tunamkuta Rashidi, mwana wa Majaliwa na Bi Mashavu. Tunajua baba yake alikuwa kuli, tunamwona mtoto akiishika kazi ileile ya baba, tunajua nyumbani kwao wanakula nini na wanakosa nini. Kazi nzima ya riwaya iko katika safari hiyo ya kutoka jina la jalada hadi jina la mtu. Daftari la bandari lilihesabu magunia na vichwa. Riwaya imehesabu mambo yote ambayo daftari halikuwa na safu ya kuyaandika. Kwa lugha ya mkonge, mwandishi ameiendea ile asilimia 96.

Tukisoma hivyo, hata mgomo wa mwaka 1948 unaoelezwa katika riwaya tunauelewa vizuri zaidi. Mgomo huo ulitokea kweli: ulianza bandarini Unguja mwezi Agosti, na kufikia Septemba ulikuwa umeenea mjini. Wahakiki husema wafanyakazi "walizinduka". Sawa, lakini walizindukaje? Hapa ndipo chombo cha kazi kinapohitaji kusomwa. Meli nyingi zilitia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye matishali, ukaletwa gatini, ukabebwa mgongoni. Kila gunia la mchele lililoliwa mjini lilikuwa limepita mikononi mwa mtu. Makuli walijua meli imebeba nini, tena walijua kwa migongo yao kwamba wakikaa kitako hamna kitakachotembea. Kazi ilikuwa ngumu na ya kuonea, lakini ilikuwa kazi ya kuonana. Mzigo mzito uliwabebesha wawili wawili, na wawili wakibeba pamoja huzungumza.

Kuna riwaya nyingine ya kuilinganisha nayo, nayo ni Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1968 baada ya mwandishi kufariki. Watu wengi humlaumu Shaaban Robert kwa kuwa Utubora, mhusika mkuu, anaacha kazi ya mshahara akaenda kulima kijijini, wanasema hiyo ni njozi. Labda ni njozi. Lakini tazama jina la kitabu: mtu, halafu kazi. Utubora ni jina lake, Mkulima ni kazi yake, na jina la kazi lenyewe ni la aina ile ya kwanza, lililozaliwa na kitenzi. Shafi anatuonyesha mtu aliyepokonywa jina na jinsi ya kumrudishia. Shaaban Robert anatuonyesha mtu ambaye hakukubali kupokonywa tangu mwanzo. Mimi naona wote wawili wanalijibu swali moja, ila mmoja amejibu akiwa bandarini, mwingine akiwa shambani kwake.

NAMBA INAHAMA, KISHA INARUDI

Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa na masanduku 58 ya chuma. Mwenyewe aliitwa Malcom McLean, mfanyabiashara wa malori. Makontena yakaenea dunia nzima, pamoja na bandari zetu. Mzigo ukawa haubebwi tena na mtu. Unafungwa huko utokako na kufunguliwa huko uendako. Kontena halina jina, lina herufi 4 na tarakimu 7, na kwa hizo linajulikana popote. Namba iliyokuwa kwa manamba ilihamia kwenye sanduku, na kuli wa Shafi akawa hana la kubeba. Hata anachokiona hakioni: sanduku limefungwa.

Lakini namba haikukaa kwenye sanduku milele. Imerudi kwa mtu. Dereva wa teksi mtandao anapewa nyota na abiria, moja hadi tano, na wastani wa nyota zake ndio unaomwakilisha kabla hajaonekana uso. Kampuni humwita mshirika. Lakini Aprili 2022, baada ya mamlaka ya usafiri ya Tanzania kuweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni, Uber ilisitisha huduma zake nchini. Ilirudi mwaka 2023 baada ya ukomo huo kupandishwa. Katika mazungumzo hayo ya asilimia, aliyeitwa mshirika alikuwa mtazamaji.

KIBARUA CHA KUSOMA

Sasa nimefika mahali ambapo hasa nilikuwa napaendea. Sisi wanafunzi wa fasihi tuna imani moja ambayo hatuijadili: kwamba kusoma kunamjenga mtu. Basi tutazame kazi ya kusoma iliyozuka Nairobi. Januari 2023 jarida la Time lilichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa kampuni ya Sama, waliokuwa wakiifanyia kazi OpenAI ya Marekani. Kazi yao ilikuwa kusoma. Walipewa vifungu vya maandishi vinavyoeleza ukatili wa kila namna, pamoja na unajisi wa watoto, wavisome na kuviwekea alama za aina ya uovu uliomo, ili mashine ijifunze kuvitambua. Kwa mujibu wa jarida hilo, walipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wafanyakazi walisema walitarajiwa kusoma vifungu kati ya 150 na 250 katika zamu ya saa 9; kampuni ilikanusha, ikasema ni 70. Baadhi yao walieleza kwamba yale waliyoyasoma yaliwafuata hadi nyumbani.

Ndugu msomaji, hawa ni wasomaji wenzetu. Sisi tunasoma kitabu, tunakaa nacho, tunakirudia, tunabishana juu yake. Wao walitakiwa kusoma bila kukaa. Kifungu ni ngwe. Alama ni ile alama ya kipande. Na kama jani la mkonge, maandishi yanapita, kinachotakiwa ni singa moja tu: ni uovu wa aina gani? Mengine yote, huruma, hasira, kichefuchefu, hayana safu katika daftari. Yanabaki kwa msomaji aende nayo kwake.

Tusidhani mambo haya yako mbali. Bumu likichelewa, nimewaona wenzangu bwenini wakikesha na simu wakitafsiri sentensi za Kiswahili kwa malipo ya kila sentensi. Sentensi hizo zinatoka wapi, zinakwenda wapi, hawaambiwi. Siwalaumu, njaa haina shahada. Nauliza tu: mtu huyu tumwite nani? Mfasiri ni jina zuri, limetokana na kufasiri. Lakini mfasiri anaijua matini yake mwanzo hadi mwisho. Huyu ameonyeshwa kipande.

Hapo kuna tofauti kubwa kati ya jana na leo, na sitaki ipite. Kibarua cha zamani kilikuwa kitu cha kushikwa. Hata asiyejua kusoma aliweza kuhesabu alama kwenye kadi yake, akasimama mbele ya karani akasema: ni 30, nilipe. Kipande kilikuwa cha dhuluma, lakini mtu alikivaa shingoni na akaweza kukivua. Mwaka 1922 watu walijua hasa wanachokikataa. Hesabu ya leo haishikiki. Dereva anaona nyota zake, haoni ni kanuni gani iliyomnyima abiria. Mweka alama anaambiwa usahihi wake umeshuka, haambiwi kwa sababu ipi. Daftari lipo, ila limefungwa kama kontena.

Hata hivyo watu hawakukaa kimya. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 waliokuwa wakichuja maudhui ya mitandao na kuwekea alama data za akili mnemba walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Mwaka uliotangulia Daniel Motaung, aliyekuwa mchujaji wa maudhui ya Facebook, alikuwa amefungua kesi Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa humo. Jambo la kwanza walilolihitaji ni kukutana ana kwa ana na kujuana kwa majina. Makuli wa Unguja walikuwa nalo tayari, bandari yenyewe iliwapa.

PINGAMIZI MBILI

Najua kuna watakaonipinga, na pingamizi zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya wanaisimu: asili ya neno si maana yake. Anayesema "nina kibarua kigumu" hawazi utumwa wala vikaratasi. Nakubali. Sidai kwamba neno linamfunga msemaji. Ninachodai ni kwamba neno ni shahidi. Linatuonyesha ni chombo gani kilikuwa kizito kiasi cha kuwapa watu jina. Shahidi hata akisahau, alama zake zipo.

Ya pili ni nzito zaidi: je, namba ni mbaya siku zote? Mbona sisi wenyewe kwenye mitihani tunaandika namba, hatuandiki majina? Tena tunashukuru. Namba inamzuia msahihishaji asijue ni mtoto wa nani, katoka mkoa gani, ni mwanamke au mwanamume. Hoja hii ni ya kweli na inanisaidia kulisema jambo langu sawasawa. Namba ya mtihani inaficha jina kwa muda, kwa faida ya mwenye jina, kwa kanuni inayojulikana. Na matokeo yakitoka anaweza kukata rufaa. Basi ubaya hauko katika namba. Uko katika hesabu ambayo anayehesabiwa haruhusiwi kuisoma.

HITIMISHO

Napendekeza, basi, kwamba tunapohakiki kazi yoyote ya fasihi inayohusu wafanyakazi, kabla hatujaandika neno unyonyaji tujiulize maswali matatu. Nani anahesabu? Anahesabu nini, na kitu gani anakiacha nje? Na anayehesabiwa anaweza kuisoma hesabu yake? Maswali haya yatatutoa kwenye kufunika chungu. Yatatulazimisha kuijua kazi yenyewe: tishali linavyoshushwa, korona inavyokula, kipande kinavyotiwa alama. Mhakiki asiyejua kazi inavyofanyika atawezaje kumweleza mwandishi aliyeijua?

Kwa waandishi chipukizi, ambao najua ni wasomaji wa jarida hili, nina ombi. Wale wanaosoma kwa saa huko Nairobi, na wale wanaotafsiri kwa sentensi humu mabwenini, Kiswahili bado hakijawapa jina lililokaa. Wakiachwa hivihivi, jina litatoka palepale yalipotoka mengine, kwenye hesabu. Mgomo wa mwaka 1948 ulisubiri miaka 31 kabla ya kupata riwaya yake ya Kuli. Huu wa sasa usisubiri hivyo.